Pantoni, pamba na kwilti: safari yetu na Mama hadi Gee's Bend, Alabama

Tumerudi juzi usiku, begi hata sijafungua ila nimesema niandike sasa hivi, maana notsi zangu kwenye simu ziko hovyo na picha ni mia kadhaa, nyingi ni za Mama amesimama shambani. Safari yenyewe ni kutoka Atlanta kwenda kaunti ya Wilcox, Alabama, kwenye kijiji kinaitwa Gee's Bend (kwenye ramani utakikuta kwa jina la Boykin, ndo jina rasmi tangu 1949). Watu wetu wengi wa huku Georgia wanapita barabara kuu kwenda Houston kuona ndugu na hawakunji kona kuingia kule, na mi naona wanakosa kitu kikubwa, hasa kama umekulia kwenye pamba.

Mama amekuja kututembelea kutoka Maswa. Pamba ameilima tangu akiwa binti, ametusomesha wote kwa pamba, na tangu ashuke kwenye ndege swali lake lilikuwa moja tu: si mliniambia ndugu zetu weusi wa huku mababu zao waliletwa kulima pamba, sasa hiyo pamba iko wapi na hao waliolima waliishije? Hapa mtaani kwetu ni maghorofa na maduka, sikuwa na cha kumwonyesha. Nikaomba ruhusa kazini Ijumaa na Jumatatu, tukaondoka.

IJUMAA: Atlanta – Tuskegee – Selma

Tumetoka saa mbili asubuhi, foleni ya kutoka mjini ikatula karibu saa nzima, baada ya hapo barabara ya I-85 ni misonobari kushoto na kulia mpaka unasinzia. Ukivuka mpaka wa Alabama saa yako inarudi nyuma saa moja. Simu inabadilika yenyewe ila saa ya gari haibadiliki, kwa hiyo kama una miadi au unawahi pantoni angalia vizuri unasoma ipi.

Tukasimama Tuskegee, kaunti ya Macon, kwenye chuo alichoanzisha Booker T. Washington mwaka 1881. Mama hakuvutiwa sana na majengo, kilichomkamata ni habari ya George Washington Carver, mtaalamu wa kilimo wa chuo hicho, na lile gari la kukokotwa na wanyama ambalo chuo kilianza kulituma vijijini mwaka 1906, limebeba mbegu na zana, linasimama kwa mkulima mmoja mmoja anafundishwa kubadilisha mazao, kurutubisha udongo, kupanda karanga na viazi vitamu ili asife njaa pamba ikianguka bei. Mama akasema huyo ni bwana shamba kamili, tena anafika mpaka mlangoni. Nikamwambia na jambo lingine: mwanzoni mwa 1901 watu wa Tuskegee walifika Togo wameitwa na Wajerumani kwenda kuonyesha kilimo cha pamba, na ni serikali hiyohiyo ya Kijerumani iliyokuja kuwalazimisha watu wa kusini kwetu kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja chini ya jumbe mpaka Maji Maji ikawaka mwaka 1905. Mama alikaa kimya muda mrefu. Kaunti hiihii ya Macon ndiko wanaume weusi 600, wakulima wa kawaida, waliingizwa kwenye ule utafiti wa kaswende wa 1932 hadi 1972 bila kuambiwa ukweli na waliokuwa wagonjwa wakaachwa bila dawa. Hiyo sikumweleza palepale, nilimweleza usiku.

Montgomery tumepita tu kujaza mafuta. Kutoka hapo unachukua barabara ya 80 kwenda magharibi, kama maili 50, ndo ile waandamanaji weusi na wenzao waliyotembea kwa miguu Machi 1965 kudai kura. Selma tumefika jioni jua linashuka, tukavuka daraja la Edmund Pettus kwa miguu, taratibu maana goti la Mama. Hapo ndipo tarehe 7 Machi 1965 polisi waliwapiga watu kwa virungu na mabomu ya machozi. Mama aliuliza walikuwa wanadai nini hasa. Kupiga kura tu. Akauliza mara mbili kama nimesema kura.

Moteli dola 82 pamoja na kodi, safi, ila ombeni chumba cha nyuma, malori yanapita barabarani usiku kucha. Chakula tulikula kwenye kijumba kidogo cha mama mmoja: kambale wa kukaanga, sukuma wiki iliyochemshwa na nyama, bamia, kunde, mkate wa mahindi, sahani dola 14 na ilitushinda. Mama alimaliza kunde na bamia akasema huyu mpishi ni wa kwetu. Bamia na kunde kweli zilitoka Afrika, zilivuka na watu kwenye meli zilezile.

JUMAMOSI: Selma – Camden – Gee's Bend kwa njia ndefu

Asubuhi nje kidogo ya Selma, Mama akaniambia, "Baba, simamisha gari." Pamba. Shamba limejaa nyeupe mpaka kwenye mstari wa miti. Mama alishuka hata sijazima injini. Alisimama pembeni ya shamba akainama kwenye mti wa kwanza, akafungua kitumba kwa kidole gumba na kuvuta pamba polepole akitafuta mbegu ndani, akaisugua, akainusa, akaangalia ganda kama lina tundu la funza. "Hii haijaliwa." Halafu akaona kitu kikamshangaza, miti yote haina jani, ni vijiti na pamba tu, akauliza nani ameokota majani ya shamba lote hili. Nikamweleza wanapuliza dawa majani yanadondoka ili mashine ivune safi. Akatikisa kichwa. Wakati huo pikapu ikaja ikasimama nyuma yetu, mzee wa Kizungu akashuka, mi moyo ukaenda mbio kwa kweli. Nikamsalimia haraka nikaeleza mama yangu ni mkulima wa pamba kutoka Tanzania. Yule mzee akavua kofia, akamuuliza Mama kwa heka wanapata kiasi gani, wanapanda mwezi gani, nikawa mkalimani pembeni ya barabara kwa nusu saa. Akamkatia matawi matatu yenye vitumba akamfungia na kamba. (Msiingie mashambani bila kuomba, mashamba ya kule yana wenyewe na wengi wana bunduki. Sisi tulibaki pembeni na bado nilipata woga.)

Barabara ya 41 kutoka Selma kwenda Camden kama dakika 45, nzuri, haina watu. Kadri unavyoingia Wilcox pamba inapotea, unabaki na misonobari ya mbao, ng'ombe na malori ya magogo. Hili eneo lote wanaliita Black Belt kwa ajili ya udongo wake mweusi, na ni udongo huohuo uliofanya watumwa waletwe kwa maelfu. Camden ni mji mdogo, mahakama ya kaunti ni jengo la miaka ya 1850 lenye nguzo nyeupe. Mshike hilo jengo kichwani, nalirudia.

Tukateremka hadi gati la pantoni. Pantoni halitembei, upepo mkali mtoni. Mfanyakazi pale akatuambia labda mchana, labda kesho. Ng'ambo unaiona kabisa, miti yake unaiona, kwa pantoni ni kama robo saa. Kwa gari ni kuzunguka mto mzima, maili 40 hivi, saa nzima. Hakuna jinsi, tukazunguka.

Na hapo kwenye kuzunguka ndo nilielewa kitu nilichokuwa nimekisoma tu. Gee's Bend imezungukwa na mto Alabama pande tatu. Mwanzoni mwa miaka ya 60, kaunti ya Wilcox ilikuwa na weusi wengi kuliko wazungu, tena kwa mbali, na hapakuwa na mweusi hata mmoja aliyeandikishwa kupiga kura. Mwaka 1963 wanaume kadhaa wa Bend walikwenda Camden, kwenye mahakama ile yenye nguzo nyeupe, kuomba kujiandikisha. Wilcox walikuwa na utaratibu wao, ukitaka kujiandikisha lazima umlete mpiga kura aliyekwishaandikishwa akudhamini kwamba anakujua. Sasa walioandikishwa wote ni wazungu, na hakuna mzungu anayemdhamini mweusi, basi mchezo umeisha. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikuja kuufuta utaratibu huo mwaka 1965. Na pantoni? Pantoni lilikuwa limeshaondolewa tangu 1962, watu walipoanza kuamka kudai haki zao, na halikurudi mpaka 2006. Miaka 44! Mjamzito, mgonjwa, mtu anayetaka kununua chumvi, wote wanazunguka saa nzima kwenye barabara ambayo miaka ile ilikuwa vumbi na tope, huku mji wanauona ng'ambo. Mama ambaye amevuka Busisi kwa pantoni maisha yake yote alisema maneno machache: hiyo ni kumfunga mtu bila pingu.

Mtandao ukakata karibu na Alberta. Pakueni ramani mapema ikae kwenye simu, na jazeni mafuta Camden au Selma, ukiingia ndani hakuna sheli. Tukasimama kwenye njia panda, kijana mmoja wa pikapu akashusha kioo akauliza mmepotea? Akasema nifuateni. Alitangulia mbele yetu mpaka tukaingia barabara ya kaunti namba 29, ndo hiyohiyo inayokwenda Bend, akapiga honi akageuza. Hela akakataa kabisa, akasema nimwambie mama yangu karibu nyumbani.

Alberta yenyewe msipite haraka. Kuna jengo la chini, la kawaida tu, lililojengwa 1969 kwa ajili ya Freedom Quilting Bee, ushirika wa wanawake ulioanza Machi 1966. Kwilti ni zile blanketi za viraka, matabaka mawili ya kitambaa na pamba katikati, unashona kwa mkono kupitia yote. Padri mmoja wa Kianglikana, Francis X. Walter, aliona kwilti zimeanikwa kwenye kamba akaanza kuzipeleka mnada New York, wanawake wakaona hela inawezekana wakaunda chama, Estelle Witherspoon akawa meneja wao kwa miaka mingi. Mwaka 1972 wakapata mkataba na kampuni ya Sears wa kushona foronya za kodrai (kitambaa kizito chenye mistari ya kuinuka), na mabaki ya kodrai wakaenda nayo nyumbani wakashonea kwilti zao. Wengine walikuwa hawajawahi kushika mshahara wa jina lao. Ushirika ulinunua na eneo la ardhi, na sehemu yake wakawauzia familia zilizofukuzwa mashambani kwa kosa la kujiandikisha kura. Nikamweleza Mama ni AMCOS ya wanawake, yaani kama vyama vyetu vya ushirika vya wakulima. Akasema ehe, na mizani nani alishika? Yeye baba yake alikuwa miongoni mwa watu waliochoka na mizani ya wanunuzi wakajiunga na vyama mpaka ukazaliwa ule muungano mkubwa wa Kanda ya Ziwa wa 1955 chini ya Paul Bomani, kwa hiyo ushirika kwake sio stori ya kwenye vitabu.

Gee's Bend yenyewe ni nyumba zilizotawanyika, makanisa, miti, na kando ya barabara mbao kubwa zenye picha za kwilti maarufu. Mtu wa kwanza kumiliki hapa ni Joseph Gee, alikuja 1816 kutoka North Carolina na watumwa wake. Mwaka 1845 shamba likaenda kwa ndugu yao Mark Pettway kufidia deni, na mwaka uliofuata akawaswaga watumwa kama mia hivi kutoka North Carolina kwa miguu, mamia ya maili. Ndo maana mpaka leo makaburini pale unasoma Pettway, Pettway, Pettway, hawana undugu wote wa damu, ni jina la mwenye shamba waliloachiwa. Mama alipita kaburi moja hadi lingine, kila jina ananiuliza nimsomee, baadaye akaacha kuuliza.

Baada ya utumwa walibaki palepale wakilima pamba ya nusu kwa nusu, shamba la mwenyewe anayeishi mbali, mbegu na mbolea na chakula kwa mkopo wa mfanyabiashara wa Camden, na daftari analo yeye. Bei ya pamba ikaporomoka mpaka kama senti 5 kwa ratili. Mwaka 1932 mfanyabiashara mmoja aliyewakopesha akafariki, mjane wake akadai madeni yote kwa mpigo. Wakaja watu na magari ya kukokota, familia kama 60, wakachukua nyumbu wa kulimia, ng'ombe, nguruwe, kuku, majembe, mahindi yaliyokuwa ghalani, viazi vilivyofukiwa. Wakavusha mto. Ilikuwa majira ya baridi yanaingia. Watu waliishi kwa matunda ya porini, samaki, na unga wa msaada wa Msalaba Mwekundu.

Kuna picha nilimwonyesha Mama kwenye simu tukiwa tumekaa kwenye gari, ya mpiga picha Arthur Rothstein aliyetumwa na serikali mwaka 1937. Binti mdogo, Artelia Bendolph, yuko dirishani kwenye nyumba ya magogo na udongo, dirisha halina kioo, na kwenye ubao wa kufungia dirisha wamebandika magazeti kuzuia upepo, na kwenye kurasa hizo kuna tangazo la chakula, mwanamke anatabasamu na sahani imejaa. Yule mtoto anaangalia pembeni. Picha hizi zote ziko wazi bure kwenye mtandao wa Maktaba ya Bunge la Marekani, zitazameni kabla ya kwenda, mtaona sura mbele ya kila nyumba.

Sasa sikilizeni hapa, maana mi ndo naona siri ya kijiji chote. Baada ya njaa ile serikali ya rais Roosevelt ilinunua ardhi ya Bend, kama ekari 10,000, ikajenga nyumba mpya za mbao, shule, duka, kliniki, kinu cha kusaga na kiwanda cha kuchambua pamba, halafu miaka ya 40 ikawauzia wenyeji mashamba na nyumba kwa mkopo wa riba ndogo. Wajukuu wa watumwa wakawa na hati. Miaka ishirini baadaye Martin Luther King alipokuja Februari 1965 akahubiri usiku wa mvua kwenye kanisa la Pleasant Grove, watu wa Bend waliweza kumfuata kwa sababu hapakuwa na mwenye shamba wa kuwaambia fungasheni. Walipigwa, walifungwa, pantoni lilichukuliwa, na baadaye bwawa la Millers Ferry likafurika likameza mashamba mazuri ya bondeni, lakini nyumbani hawakutolewa.

Mchana tukafika kwenye nyumba ya washonaji. Palikuwa na bibi mmoja, miaka themanini na kitu, anashona. Nikamwita Miss pamoja na jina lake la kwanza, ndo adabu ya kule kwa mwanamke mkubwa. Mama naye kwa mazoea akamsalimia kwa Kisukuma "Mwangaluka" na kupiga goti kidogo. Bibi hakuelewa neno ila goti alilielewa, akacheka akavuta kiti. Mama akatoa lile tawi la pamba. Basi wale wawili wakaanza kuchambua pamba juu ya meza, kila mmoja anatoa mbegu kwa vidole, kasi ileile, mi nimekaa pale na tafsiri yangu sina kazi. Bibi alieleza (hapa nilitafsiri) kwamba utotoni walikuwa wanaokota mabaki ya pamba sakafuni kwenye kiwanda wanayapiga kwa fimbo yatoke vumbi, ndo yanajaza kwilti, na shule ilikuwa miezi michache tu kwa sababu ya mavuno. Mama akasema sisi pia. Akamwonyesha kovu la jembe mguuni. Bibi akamwonyesha vidole, ncha zimekuwa ngumu kwa sindano.

Kitambaa chao kilikuwa chochote kilichopo, mifuko ya unga na mbolea, ovaroli zilizochakaa, mikia ya mashati. Kuna moja maarufu, aliishona Missouri Pettway mwaka 1942 mumewe alipofariki, akachukua nguo zake za kazi zote akazikata akaziunganisha ili ajifunike nazo amkumbuke. Mabaka ya magoti na sehemu za mfuko, pale palipofunikwa na mfuko rangi bado imekolea na pembeni imepauka kwa jua. Mwanamke huyo hakuandika barua wala kitabu, lakini kazi ya mume wake shambani unaisoma pale kwa macho. Mwaka 2002 kwilti za Bend ziliingia makumbusho ya sanaa ya Houston, baadaye New York, na 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu kumi zenye picha zake.

Bei: kwilti kubwa ni maelfu ya dola na inastahili, ni miezi ya kazi. Vidogo vya kushikia sufuria au kutundika ukutani vinaanzia makumi ya dola. Bebeni keshi. Na msiombe punguzo tafadhali, tumeshawapunja vya kutosha kwa miaka mia mbili. Miaka ya karibuni kila Oktoba wanafanya tamasha la kuanika kwilti nje, kijiji kizima rangi, ukienda wakati huo weka nafasi ya kulala mapema sana.

Tumelala Camden, kibanda cha kukodi kando ya maji, dola 95.

JUMAPILI: Camden

Upepo bado. Mwenye kibanda alitualika kanisani kwao, ibada ya saa tatu, Mama alivaa kitenge chake cha njano na kanisa zima lilimjia. Nyimbo zao za zamani zinaanzishwa na mzee mmoja anavuta mstari, wote wanaitikia bila kinanda, na Mama aliitikia pia bila kujua hata neno moja. Baada ya ibada chakula chini ukumbini, hatukulipa hata senti, tukaondoka na begi la viazi vitamu.

Mzee mmoja pale alitupeleka kwa miguu hadi mbele ya kanisa la Antioch Baptist, ndiko vijana wa sekondari ya Camden Academy walikuwa wanakusanyika 1965 kabla ya kuandamana kwenda mahakamani, siku baada ya siku. Na nje ya kanisa hilo Januari 1966 ndipo David Colston, mkulima, alipigwa risasi akafa. Yule mzee alisema yeye alikuwa mmoja wa wanafunzi wale. Alitaja pia mwaka 1978, kaunti ilipomchagua Prince Arnold, kijana mwalimu, kuwa sherifu wa kwanza mweusi, akasema siku ile watu wa vijijini walikuja mjini bila shughuli yoyote, walitaka tu kumwona akipita. Mchana mvua, tumelala.

JUMATATU: pantoni, halafu Lowndes, halafu nyumbani

Mto umetulia. Pantoni lilikuwa linaondoka asubuhi, nauli ya gari ni dola chache tu, na tangu 2019 linatembea kwa umeme, halina kelele kabisa. Pigeni simu asubuhi ya siku hiyohiyo kuuliza kama linatembea, msitegemee ratiba ya mtandaoni peke yake. Tulivuka kwenda Bend tukarudi na hilohilo, hatukuwa na shughuli ng'ambo, Mama alitaka tu avuke. Alisimama mbele mwanzo mwisho. Mfanyakazi mmoja wa pale aliposikia tunatoka Atlanta akatuambia wale nyumbu wawili waliovuta jeneza la King mjini kwetu mwaka 1968 walitoka Gee's Bend, majina yao Belle na Ada. Nimeishi Atlanta muda wote huu, mtaa uliopita msafara ule napita kila wiki, sikuwa najua.

Kurudi tukachukua tena barabara ya 80, na katikati ya Selma na Montgomery tukasimama kaunti ya Lowndes, kwenye kituo cha makumbusho cha idara ya hifadhi za taifa, bure. Naomba msikiruke. Hapo ndipo palikuwa na Tent City. Lowndes nayo mwanzoni mwa 1965 haikuwa na mpiga kura mweusi hata mmoja, na watu wake wengi walikuwa wakulima wa nusu kwa nusu kwenye ardhi ya wengine. Walipojiandikisha, wenye mashamba wakawaambia wahame. Kuanzia Desemba 1965 familia zikaishi kwenye mahema kando ya barabara hii, na watoto, kwenye baridi, na usiku watu walipita na magari wakiyafyatulia risasi. Wengine walikaa humo zaidi ya miaka miwili. Kaunti za jirani, udongo uleule, pamba ileile, dai lilelile la kura, na hawa walilala kwenye hema kwa sababu hawakuwa na kipande cha ardhi chenye jina lao.

Mama alikaa kwenye hema la mfano lililopo ndani, kuna jiko dogo na kitanda. Alipotoka aliuliza hati ya shamba letu la Maswa iko kwa nani. Nikamwambia iko kwa Baba Mdogo. Akasema nikifika nyumbani nipige simu, hati iandikwe na majina ya dada zangu.

Tukapoteza ile saa moja mpakani, Atlanta saa tatu usiku. Mafuta safari nzima hayakufika dola 75. Baba Mdogo nimempigia jana, anakwenda ofisi ya ardhi wiki ijayo.